Kabla hamjapiga kura ya AC, angalieni nani anakaa chini yake

Mkuu mleta mada, umesema mko saba chumba kimoja, kuna wanaotaka AC iwe 16, kuna wanaoshinda na masweta, rimoti imepotea mara mbili mwezi huu, na sasa bosi anataka mpige kura. Hayo nimeyaishi miaka minne, ofisi moja pale Posta, Dar, ghorofa ya nne, watu tisa na AC mbili. Kura tulipiga. Ilizidisha ugomvi.

Kwetu wenye vita hasa walikuwa wawili, sisi wengine wapambe tu. Wa kwanza kaka mmoja wa masoko, anakuja na daladala kutoka Mbagala amesimama njia nzima, halafu anapanda ngazi kwa sababu lifti yetu ilikuwa ya kubahatisha. Akiingia, shati limegandia mgongoni. Hata salamu hajatoa, mkono uko kwenye rimoti: ti, ti, ti, mpaka 16. Wa pili dada wa uhasibu, meza yake ilikuwa chini ya AC kabisa. Mwezi wa pili, nje lami inanukia kwa jua, yeye kavaa sweta zito la kijivu, kajifunika kitenge magotini, chupa ya chai ya tangawizi pembeni. Ungedhani kateremka asubuhi hiyo kutoka Makete.

Rimoti ikaanza kupotea. Mara moja tuliikuta ndani ya boksi faili la risiti za 2016, na sote tulijua ni nani mwenye funguo za kabati lile. Kaka wa masoko hakugomba. Alitoa simu yake mfukoni, kumbe ina rimoti ndani, akawasha. Dada wa watu akabaki ameduwaa.

Tukapiga kura: sita kwa watatu, iwe 20. Kesho yake dada akahamia stoo ya mafaili na kompyuta yake, na bosi akaanza kuuliza kwa nini mahesabu yanachelewa.

Kilichotuokoa ni maji. AC ya upande wa dirishani ilianza kudondosha juu ya printa, akaitwa fundi. Alipotoa filta, vumbi lilikuwa limeshikana kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti, ndani koili (mabomba membamba yanayopoza hewa) imeganda barafu, barafu ikiyeyuka ndiyo hayo maji. Maana yake AC hiyo ilikuwa inavuma tu, haipozi. Ile ya juu ya dada ndiyo ilikuwa inapoza chumba kizima peke yake, na kaka wa masoko anakaa dirishani, upande wa magharibi, jua la saa tisa linampiga kupitia kioo.

Mimi ni mbishi, nikanunua kipimajoto kidogo cha ukutani. Kabla fundi hajarudi kumalizia kazi, nilikipitisha meza hadi meza. Kwa dada 19, kwa kaka 28. Chumba kimoja, wakati uleule. Wote wawili walikuwa wanasema kweli miezi yote ile! Na dada alikuwa akirudia kila siku kwamba shida yake ni upepo wa shingoni. Sisi tulisikia "anataka joto".

Fundi pia alituvua ushamba kuhusu 16. AC za kawaida zisizo za inveta (inveta ni zile zinazoweza kupunguza kasi zenyewe), kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ama inawaka ama inazima. Uweke 16, uweke 24, baridi inayotoka ni ileile. Tofauti ni kwamba kwenye 16 haipumziki. Na kipimo chake cha joto kiko kwenye AC yenyewe, kule juu karibu na dari, hakijui mezani kwako kukoje.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema wanawake wanadeka. Ndugu yangu, mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba kanuni inayotumika kupangia joto la maofisini ilijengwa juu ya mwili wa mwanaume wa miaka 40 mwenye kilo 70, na kwamba wanawake wanaofanya kazi ya kukaa huzalisha joto dogo kuliko kanuni inavyodhani. Hapo deko liko wapi? Ingawa kwetu mzee wa stoo naye alikuwa hatoi koti.

Tulichofanya: filta sasa tunaziosha wenyewe bombani kila mwezi. Mabawa ya AC zote mbili, yale yanayoelekeza upepo, yanaelekea darini. Dada alibadilishana meza na kijana wa tehama ambaye baridi haimgusi. Dirishani likawekwa pazia zito, na kaka akanunuliwa feni ndogo ya mezani, akifika anasimama mbele yake hadi jasho likauke. Siku za mvuke, ile hali ya Dar ambapo jasho linakataa kukauka, tunabonyeza alama ya tone la maji kwenye rimoti, AC inakausha hewa bila kugandisha watu. Tunakaa kwenye 25.

Suala la kuacha kuvaa tai shingoni lilikuwa gumu zaidi, maana bosi alizipenda. Nilimwambia kwamba Wajapani mwaka 2005 serikali yao iliwahimiza watu wavue tai na makoti kiangazi ili AC za maofisini ziwekwe 28. Akacheka, akasema sisi si Wajapani. Wiki mbili baadaye alikuja na shati la kitenge siku ya Jumanne.

Kwa hiyo mwambie bosi wako kura isubiri, aite fundi kwanza, na wewe pitisha kipimajoto mezani kwa kila mtu. Rimoti yetu tuliifunga kwa kamba ya kiatu kwenye msumari kando ya swichi. Simu ya yule kaka bado inawasha AC, ila siku hizi anaitumia kuzimia jioni, maana sisi wengine tukiona saa kumi na moja huwa hatukumbuki.