K moja haiandiki kuku

Barua za wasomaji. Anayejibu ni Bi Mwalimu, Langoni, Lamu.

Bi Mwalimu, shikamoo. Nasomesha gredi ya tatu hapa Malindi. Mgeni mmoja alituachia mchezo wa vibao vya herufi, ule wa Kiingereza wa kupanga maneno ubaoni uitwao Scrabble, tukaujaribu kwa Kiswahili. Robo saa haikuisha watoto walikuwa wamechoka: herufi wanazozitaka hazipo, walizonazo hazina kazi. Nataka niwatengenezee wetu wenyewe, wa kupangua herufi za neno na kuzipanga upya, na wa kujaza herufi iliyofichwa. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa gredi ya tatu, Malindi*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anzia kwa kuku. Chukua hivyo vibao mlivyoachiwa, ujaribu kuandika KUKU. K ni moja tu seti nzima. Ya pili uiazime kwenye kibao kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote, ukibahatika kukipata. Kaka, kiko, kikuku na kikoi vyote vinakwama papo hapo. Kisha tazama pointi. Z wameipa 10 kwa kuwa kwao ni adimu, basi mtoto akiweka ZA tu anaondoka na 11, na mwenzake aliyehangaika mpaka akapata MLANGO anapewa 9. Mimi ningekuwa huyo wa mlango ningeshasusa zamani.

Aliyeutunga hana kosa. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, alikaa na kurasa za New York Times akihesabu herufi moja moja, ndipo akaamua E ziwe 12 na Q iwe 1. Aliihesabu lugha yake. Sisi tunachukua kipimo cha jikoni kwa jirani, halafu tunashangaa wali haukutosha.

Kwa hiyo hesabuni. Mpe kila mtoto herufi moja na kipande cha chaki, wewe usome polepole ukurasa mmoja wa kitabu chao cha hadithi, kila mmoja apige mstari akisikia yake. Kwa kuonja tu: Haraka haraka haina baraka. Herufi 23, na A peke yake ni 11. Methali hiyo imepita kiasi, najua, lakini ukurasa wowote utakwambia lile lile kwa sauti ya chini. A inaongoza, na irabu zinakaribia nusu ya maandishi. Kwenye seti yenu U ni 4. U nne, kwa watu wenye ku-, tu-, mu- na u- kila wakitia neno kinywani!

Seti yangu ina vibao 100. A ni 18, I 11, U 9, E 6, O 5, jumla 49. K nimeweka 8, M 7. Q na X hazimo. C peke yake haimo pia, kwa sababu haina kazi mpaka ishikwe mkono na H, basi nimechonga CH kibao kimoja. SH, TH na NY hazina kibao chao, mchezaji aziunge kwa vibao viwili, kwa kuwa kila moja ya herufi hizo ina maisha yake. NG' nimeipa kibao chake baada ya jirani zangu wawili kununiana siku nzima kwa ajili ya NGOA na NG'OA. Mmoja alisema kile kikoma ni kidudu tu, hakihesabiki. Kung'oa jino na kuona ngoa, yaani wivu, ni mambo mawili, nikamwambia, na yote mawili yanauma.

Jambo moja kuhusu vibao vyenyewe. Vya kwanza nilichongewa na mpwa wangu kwa mabaki ya mbambakofi, kazi safi, herufi zimezama ndani kama nakshi ya mlango. Tukacheza wiki mbili, na bibi mmoja wa mtaa hapati hasara hata siku moja. Kumbe akitia mkono mfukoni anapapasa kwa kidole mpaka aisikie A. Siku hizi herufi zimepakwa rangi juu ya mbao laini. Kwa darasa lako kata maboksi ya unga, andika kwa kalamu ya wino mzito, yatosha.

Sasa kupangua. Usianze na herufi, anza na silabi, maana watoto wako wameingia kwenye kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Waandikie silabi kwenye kadi. BA-HA-RI ikigeuka ni HA-BA-RI. BA-TI ni TI-BA. KA-SA, yule wa baharini, akigeuzwa anakuwa SA-KA, na ndiyo shida yake. Watashika haraka, kwani wengi wao washacheza kinyume, ile lugha ya kutoa silabi ya mwisho na kuipeleka mbele ili wakubwa wasielewe. Hapo mchezo si mgeni tena. Umeingia kwao kwa mlango wa uani.

Ila KA-RI-BU nakuonya. Siku ya maulidi ya nyumbani nilipanga KARIBU kwa vibao vikubwa juu ya baraza la daka. Mjukuu wangu wa miaka 8 akapita na mikono yake. Wageni walikuta KABURI, na mimi nimesimama kando nawatabasamia.

Wakishazoea silabi ndipo uwape herufi. KITABU na KATIBU ni herufi zile zile, irabu mbili tu zimebadilishana viti. Na kwa kuwa mko Malindi: watoe L kwenye jina la mji wao wapange zilizobaki. Ni kitu cha kuchimbwa ardhini. Akishindwa kabisa, mwambie aanze na MA.

Bi Mwalimu, mwezi uliopita mlichapa P-NDA, tujaze herufi moja. Sisi watu wa gati tulituma PUNDA. Jibu lenu likatoka PANDA, na halua ikaenda kwa mwengine. Tumeonewa.
*Mwenye punda wawili, Mkunguni*

Mmeonewa, baba, na aliyewaonea ni mimi. Barua yako haikuwa ya peke yake. Walikuja wa PENDA, wengi wao vijana. Akaja fundi mmoja na PINDA. Mama mmoja wa jikoni akaleta PONDA. Irabu zote tano zimeingia kwenye tundu moja, na kila moja imetoa neno zima lenye maana yake. Nilikuwa nimeficha irabu kwenye neno fupi nikajiona mtungaji.

Tangu siku hiyo kila fumbo nalizungusha kwanza: A, E, I, O, U, moja moja, kisha konsonanti zote. Likipata jibu la pili, ama nalitupa ama naliongezea dokezo. "P-NDA, masikio marefu, ukikutana naye kichochoroni ni wewe utakayebana ukuta" haliwezi kuwa penda. Njia nyepesi zaidi ni kuficha konsonanti kwenye neno refu kidogo. JAHA-I ina jibu moja, umwulize nahodha au umwulize karani. Na kuna mafumbo ambayo hata dokezo haliyaokoi. T-MBO niliiweka mezani ili nipate tembo na tumbo. Mhariri akanipigia simu akaniuliza kama nimeizungusha mpaka kwenye O. Sikuwa nimeizungusha.

Wakubwa wakitaka kazi ngumu, waondolee irabu zote. Nilipotoa K-T-B, waliopita chuo cha Kurani walinijia mbio na kitabu, katibu na katiba, kwani wanaijua mizizi ya Kiarabu, na yote matatu yamemea kwenye mmoja, ule wa kuandika. Bibi yangu angelicheka kuona tunaita huu mchezo. Yeye alikuwa akisoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandishi mvivu akiacha kuweka irabu zake, vile vistari vya juu na vya chini, ni juu ya msomaji kukisia kama mtu anamwomba au anamtukana.

Nusu kilo ya halua iko kwangu Langoni. Njoo uichukue, punda uwaache nje.

Kwetu tunasema mato, kitwa, ndia. Mwanangu anaambiwa shuleni ni macho, kichwa, njia. Tukicheza nyumbani nimkatalie?
*Mama wa Shela, Lamu*

Usimkatalie, mamangu. Shuleni ataandika macho, na mwalimu wake ana haki yake. Kwenye baraza lako Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kiko kwao. Sheria yangu ni moja: anayeweka neno alitumie kwenye sentensi, na waliokaa wote wawe wamemfahamu. Akiweka NDOO, hata ugomvi haupo. Kwetu ni njoo, kwa wengine ni chombo cha maji, vibao ni vinne vile vile. Ukurasani ndipo ninapobana, kwa kuwa msomaji wa Voi hana wa kumwuliza. Na mpe jina la mji wetu acheze nalo: LAMU ukiitoa L inabaki AMU, kama wazee wanavyouita, na hizo tatu zikipangwa upya zina UMA na MUA.

Naandika programu ya mchezo huu kwa simu. Simu itajuaje neno gani likipanguliwa linakuwa jingine? Pili, rafiki yangu aliandika WATAKAPOTUPIKIA akadai pointi zake. Nimpe?
*Kijana wa Shela, Malindi*

Simu yangu mimi ni ya kubonyeza, mwanangu, lakini nina daftari la miaka mingi na nadhani ndilo unaloliuliza. Kila neno nalipanga herufi zake kwa abjadi, na hiyo ndiyo anwani yake. SAMAKI anwani yake ni AAIKMS. Nikikutana na MASIKA nafanya hivyo hivyo, inatoka AAIKMS, naiandika ukurasa ule ule. Baadaye KAMASI ikaja, na MAKASI. Maneno yenye anwani moja yanakaa nyumba moja, huna haja ya kulinganisha kila neno na kila neno. Nyumba yangu niipendayo ni AILM: mali, mila, lima, lami, imla. Mimi ilinichukua miaka kuwakusanya wapangaji hao watano, programu yako ikipewa orodha ya maneno itawapata kabla hujameza mate.

Tumia daftari hilo pia kujilinda. Kabla ya kumwonyesha mchezaji herufi zilizovurugwa, programu ihakikishe mvurugo wenyewe si neno. Ukimtaka mtu atafute SAMAKI nawe umemwekea KAMASI, hamu ya kula imemtoka.

Na kama neno lina nyumba yenye wapangaji zaidi ya mmoja, kubali jibu lolote kati yao. Michezo mingi ya simu niliyoonyeshwa na wajukuu ina hili kosa: inajua jibu moja na inamwambia aliyepatia kuwa amekosea. Nilishalifanya mwenyewe kwenye karatasi, muulize mwenye punda.

Kuhusu rafiki yako. WATAKAPOTUPIKIA ni neno moja, ni sahihi, na lina herufi 15, yaani lingejaza mstari mzima wa ubao ule wa Kiingereza wenye miraba 15 kwa 15. Hiyo ndiyo sababu ya kumnyima. Kiswahili kinaruhusu kubandika nafsi, wakati na mtendwa mbele ya kitenzi. Ukifungua mlango huo, kila mwenye W, A na T mkononi ana treni isiyo na behewa la mwisho. Kwangu tunakubali shina la kitenzi na vinyambuo vyake: PIKA, PIKIA, PIKWA, PIKISHA. Viambishi vya mbele tunavikataa. Nomino umoja na wingi zote ruhusa, kwa hiyo KITABU na VITABU ni mawili. Kuna wanaotaka KUPIKA ikubaliwe kwa hoja kuwa ni nomino. Tumebishana nao tangu Ramadhani. Mimi nasema hapana, wao wanasema mimi nina K nyingi mfukoni ndiyo maana sijali.

Fumbo la mwezi huu linatoka kisiwani hapa hapa. MATONDONI, herufi tisa, zote zitumike, maneno mawili. Jibu la kwanza nawapa: MOTO NDANI, habari ambayo fundi wa jahazi wa huko haombi kuisikia. Mimi nataka la pili. Linaanza na N, na mwenye kulisema ametoka usingizini. Nimezungusha jioni tatu nikapata hayo mawili tu. Atakayeleta la tatu lenye maana, nalo nitalichapa.