Cheti cha Kifo na Alama ya Kastabini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma mahali kwamba riwaya za mwanzo kabisa za wanawake weusi wa Marekani zilipotea, kisha zikagunduliwa upya katika siku zetu hizi. Kitabu kilichokwisha kupigwa chapa hupoteaje? Na ikiwa mwandishi mwenyewe hajulikani, nani anathibitisha kwamba aliyekiandika ni mwanamke mweusi kweli? Mwisho, je, ni hadithi za kusomwa, au ni za kuwekwa makumbusho tu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako la kwanza ni la haki, kwa sababu neno "kupotea" linadanganya kidogo. Riwaya ya Harriet E. Wilson iitwayo Our Nig ilichapishwa Boston mwaka 1859, na nakala zake chache hazikuacha kuzunguka kwa wauza vitabu vya zamani. Profesa Henry Louis Gates alinunua yake katika duka la namna hiyo jijini New York, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu kilikuwapo, ila baadhi ya wachache waliokifahamu walidhani kimeandikwa na mzungu. Tena habari zake hazikuwa tamu kwa mtu yeyote, maana hazisimulii mashamba ya pamba ya Kusini bali mateso ya mtoto chotara aliyezaliwa huru, Frado, katika nyumba ya wazungu huko Kaskazini, kwa watu waliojiona hawana doa la utumwa. Wilson mwenyewe anakiri katika dibaji kwamba ameacha kwa makusudi yale ambayo yangewaaibisha zaidi marafiki wapinga utumwa. Aliyoyabakiza yalitosha kuwanyamazisha.

Uthibitisho ulipatikana pasipotarajiwa. Kwenye jalada mwandishi amejiita "Our Nig", lile tusi lenyewe la kumdharau mtu mweusi alilobandikwa Frado, lakini hakimiliki iliandikishwa kwa jina la Bibi H. E. Wilson, na dibaji inaeleza kwamba anaandika ili apate riziki ya kumlea mwanawe. Gates na wasaidizi wake walipopekua kumbukumbu za serikali walikuta cheti cha kifo cha mtoto wa miaka saba, George Mason Wilson, aliyefariki Februari 1860, miezi isiyotimia sita baada ya kitabu kutoka; mama yake ametajwa kuwa Harriet E. Wilson, na penye rangi pameandikwa kuwa mtoto ni mweusi. Cheti cha mtoto ambaye kitabu kilikusudiwa kumlisha ndicho kilichomrudishia mama kitabu chake. Riwaya ilichapishwa tena mwaka 1983.

Kisa cha pili ni cha mswada ambao haukuwahi kufika kiwanda cha uchapaji. Dorothy Porter, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Howard, aliununua mwaka 1948 kwa dola 85: kurasa takriban 300 za maandishi ya mkono, The Bondwoman's Narrative, na jina la Hannah Crafts, mtumwa aliyetoroka North Carolina. Baada ya Porter kufariki uliuzwa mnadani mwaka 2001, na Gates huyohuyo akautwaa kwa dola 8,500, yaani mara mia ya bei ile ya kwanza. Mkutubi huyu, kwa maoni yangu, hajapewa sifa anazostahili, kwa kuwa bila jicho lake pengine pasingekuwa na cha kupeleka mnadani.

Safari hii ulichunguzwa wino, kalamu na karatasi. Mwandishi alipotaka kusahihisha sentensi alikata kipande cha karatasi, akakibandika juu ya kosa, akakikandamiza kwa kastabini, kile kikofia ambacho mshonaji huvaa kidoleni asichomwe na sindano, na alama zake zilibaki. Kisha mwaka 2013 mtafiti Gregg Hecimovich akaeleza kwamba mwandishi ni Hannah Bond, mjakazi katika familia ya John Hill Wheeler huko Murfreesboro, North Carolina. Na Wheeler ametajwa kwa jina ndani ya riwaya yenyewe.

Kuhusu swali la mwisho, sitakupamba. Crafts ameazima mno kwa mwandishi Mwingereza Charles Dickens, hata aya nzima zikisikika kama mwangwi wa riwaya ya Dickens iitwayo Bleak House, na Wilson anaimaliza hadithi yake mbiombio kama mtu anayewahi gari. Lakini ukianza na Wilson, usiache kusoma pale Bibi Bellmont, mama mwenye nyumba, anapomwamuru Frado ale chakula katika sahani ambayo bibi huyo mwenyewe amekwisha kuilia. Msichana hakatai. Anamwita Fido, mbwa wake, anampa airambe mpaka itakate, anapangusa kisu na uma kwa kitambaa cha meza, ndipo anapoanza kula. Anayo hakika kwamba atapigwa, na kweli anapigwa baadaye. Jack, mtoto wa kiume wa nyumba hiyo, anacheka, anatoa mfukoni sarafu ya fedha ya nusu dola, anamrushia na kumwambia kwamba kitendo kile kilistahili kulipiwa.