Ukitoka saiba, toka kwelikweli

Kila jioni kabla sijafunga saiba, hapa katikati ya jiji la Nairobi, napita kompyuta moja moja nikiondoa WhatsApp za watu. Mteja huingia mbio akitaka kuprinti barua ya kazi iliyo kwenye simu. Anaskani msimbo wa WhatsApp Web ulio kwenye skrini, anaprinti, analipa, huyo! Anayekaa kitini baada yake anakuta gumzo za chama, za mama mkwe, na za yule ambaye mama mkwe hatakiwi kumjua.

Kazi hii niliianza enzi za Yahoo Messenger, programu ya gumzo ya kwenye kompyuta, na siri za watu zilikuwa zikivujia palepale: kitini, si kwenye waya.

Waya nao ulikuwa wazi, hilo lisemwe. IRC, mfumo wa gumzo wa zamani, ilibuniwa na Jarkko Oikarinen mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland. Zikafuata programu nyingine za gumzo: ICQ ikatoka Israel mwaka 1996, AIM ya Marekani 1997, Yahoo 1998, MSN 1999. Kwa miaka mingi ujumbe wa huduma hizi ulisafiri bila kufichwa. Aliyekuwa kwenye mtandao mmoja nawe, akiwa na programu ya kunasa data, angeweza kuusoma neno kwa neno. Dawa ilikuwepo: mwaka 2004 wataalamu watatu walitoa OTR, njia ya kuficha mazungumzo ili wawili tu ndio wayasome. Saiba yetu haikuwa na habari nayo. Intaneti ilitegemea setilaiti, nyaya za baharini zilikuwa bado kutua Mombasa hadi 2009, na mteja aliyelipa kwa dakika hakuwa na muda wa kusakinisha kitu.

Lakini walioumbuka mbele yangu hawakunaswa na mtaalamu yeyote. Waliumbuliwa na kisanduku cha kukumbuka nywila, kilichokaa chini ya sehemu ya kuandika jina. Ukikitia alama, anayefuata anabofya mara moja na tayari yeye ni wewe. Na kumbukumbu za gumzo je? Yahoo Messenger ikiwekwa ihifadhi, iliziacha kwenye diski ya kompyuta ileile, zimefunikwa kwa hesabu nyepesi ambayo ufunguo wake ni jina la akaunti yako. Jina ambalo kila mtu analiona! Vijana waliokuwa wakizurura saiba mchana kutwa walizifungua bila jasho.

WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani kuficha ujumbe ili mtumaji na mpokeaji tu ndio wausome, Aprili 2016, nao ni mzuri, sina ugomvi nao. Ila unalinda safari tu. Ukishaunganisha akaunti na kompyuta ya saiba, kompyuta hiyo ni mwenzako wa kuaminika, inasoma kama unavyosoma wewe. Kuzima simu hakukuokoi, maana siku hizi kifaa kilichounganishwa huendelea kufanya kazi hata simu ikiwa haina bando. Kabla hujashuka ngazi, fungua simu, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, ondoa kompyuta ya saiba na chochote usichokitambua. Ukiwa hapo hapo kwenye mipangilio, weka PIN ya uthibitisho wa hatua mbili. Mtu akijiandikishia laini yako kwa hila, PIN hiyo itamkwamisha.

Ukiweza, usifungue WhatsApp kabisa. Mtumie mwenye saiba faili, kisha simama pale umwambie alifute ukiona. Akinuna, mwache anune. Nakala ya kitambulisho chako si ya kubaki kwa mtu. Mimi hufuta bila kuombwa, na wateja wengine hunishangaa.

Kuna pia wanaokuchungulia wakiwa mbali na saiba, nao huwaoni. Mwaka 2014 gazeti la The Guardian lilifichua, kupitia nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi na ujasusi wa Marekani, kwamba shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, lilikusanya picha za gumzo za kamera za Yahoo: katika miezi sita ya 2008 pekee, za akaunti zaidi ya milioni 1.8. Kisha kuna udukuzi wa 2013, ambao Yahoo yenyewe ilikiri baadaye kwamba uligusa akaunti zake zote bilioni 3. Kama ulikuwa na akaunti wakati huo, umo.

Yahoo Messenger ilizimwa Julai 2018, lakini anwani za barua pepe hazikuzimwa nayo. Wateja ninaowasaidia kurudisha akaunti walizosahau nywila mara nyingi hugundua kwamba anwani ya kurejesha ni ile ya Yahoo ya ujana wao, ambayo hawajaifungua tangu enzi hizo. Na mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kuwa majina yaliyolala kwa mwaka mzima yatagawiwa watu wengine, hivyo barua ya kurejesha nywila yako inaweza kumfikia mgeni. Kwa hiyo leo jioni fungua Facebook yako, Gmail yako na chochote chenye pesa ndani, uangalie nywila mpya ikiombwa itatumwa kwa anwani gani. Ikiwa ni anwani usiyoweza kuifungua sasa hivi, iondoe.