Ukienda Kucheza Cumbia, Acha Pasipoti Nyumbani

Tuanze mlangoni, maana hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Baa za hapa Chicago haziingiliki bila kuonyesha kwamba umetimiza miaka 21, na wakati ule kitambulisho changu kilikuwa kimoja tu: pasipoti ya Kenya. Nikaenda nayo. Kwa kuogopa kuipoteza sikukabidhi koti kwa mtunza makoti, nikaitia mfuko wa ndani, nikacheza nalo. Januari. Koti la manyoya linalofika magotini. Kila dakika mbili napapasa kifua kama mtu mwenye ugonjwa wa moyo, jasho limeshuka mpaka kwenye soksi. Kwa hiyo kabla hujauliza uvae nini, tafuta kitambulisho cha jimbo. Pasipoti ikae kabatini.

Dansi ninayoizungumzia ni ya cumbia, muziki wa Kolombia, ya makuchu, yaani sisi tunaopenda jinsia yetu na wenzetu, mara moja kwa mwezi, mtaani Pilsen ambako Wameksiko wamejenga maisha yao miaka mingi. Nasema makuchu kwa sababu ni neno tulilojipa wenyewe Afrika Mashariki. Lile jingine lina kona. Mama yangu Mombasa humwita jirani yake "shoga yangu", kwa mapenzi yote, mkononi ana kikombe cha chai; na neno hilohilo vijana wa barazani walinitupia mimi nikipita kutoka madrasa. Sijui Kiswahili kilifanyaje hapo. Huku angalau nikiitwa kitu, huwa naulizwa kwanza.

Nenda peke yako, na ufike mapema. Najua unataka kwenda na wenzako. Mimi nilikwenda na watatu, tukasimama ukutani na glasi zetu kama watu waliokuja kukagua jengo, tukacheka cheka, tukarudi nyumbani tukisema muziki ulikuwa mzuri. Miezi mitatu hivyo. Mwezi wa nne walikuwa na zamu ya usiku hospitalini, nikaenda pekee, nikafika saa mbili usiku wakati ukumbi bado una mwanga na watu kumi na tano wamejipanga kwa somo. Ule muda wa somo ndio ulionifungulia kila kitu. Ukikaa ukutani mpaka saa nne, utakuta watu wameshajuana miguu.

Mwalimu wetu ni mtu wa Barranquilla, pwani ya Kolombia. Anaanza kwa kuuliza mambo matatu: jina, utajwe vipi, na unaongoza au unafuata. Kihispania kina *él* cha mwanamume na *ella* cha mwanamke, na makuchu wameongeza *elle* kwa asiyetaka kuwekwa upande wowote. Zamu yangu ilipofika nikamwambia lugha yangu ina "yeye" tu, anatosha kwa wote. Akanitazama kwa huruma, akalirudia swali polepole, akidhani sijaelewa.

Hatua yenyewe si ngumu. Mguu wa kulia nyuma, rudi katikati, wa kushoto nyuma, rudi katikati, na mwili unazunguka kidogo kidogo kana kwamba sakafu ndiyo inayogeuka. Kilichonitatiza ni masikio. Nilikuwa nafuata ngoma kubwa, na ngoma kubwa cumbia hukupoteza. Mwalimu akanionyesha *guacharaca*: kipande cha mti wa mnazi-pori kilichochongwa mistari, kikakwaruzwa kwa uma wa waya. Chk-chaka, chk-chaka. Nikacheka peke yangu. Ile ni sauti ya mbuzi, ya kukuna nazi, jikoni kwetu Majengo, alasiri ya Ramadhani, dada zangu wawili wakikuna kwa kupokezana. Tangu siku hiyo sisikilizi ngoma. Nasikiliza nani anakuna nazi, na miguu inakuja yenyewe.

Ukiwa mgeni kabisa, subiri zile nyimbo nzito, zinazokwenda taratibu kama kaseti yenye betri dhaifu. Zinaitwa *rebajada*, zilizaliwa Monterrey, Meksiko. Inasimuliwa kwamba Gabriel Dueñez alikuwa akipiga muziki kwenye sherehe, mashine yake ikapata moto, sahani ya santuri ikapunguza mwendo, na watu badala ya kulalamika wakataka zaidi. Kwenye wimbo wa namna hiyo hata ukikosea unayo nafasi ya kujirekebisha kabla mtu hajaona.

Sasa kuhusu kuongoza na kufuata. Mimi ni mwanamume, nikajiandikisha kuongoza bila kuwaza, kama mtu anayejaza fomu. Nikamburuta binti mmoja ukumbi mzima, nikamkanyaga mara mbili, na kwenye mzunguko nikamvuta bega mpaka akasema "Ay!" Akaniacha, kwa adabu. Mwalimu akaja akasema mwezi mzima huu utafuata. Nikaona haya, sitakuficha. Kufuata nilikuhesabu kuwa kazi ya mwanamke, mimi huyuhuyu niliyevuka bahari kukimbia hesabu za namna hiyo! Akanishika baba mmoja wa makamo, mfupi, mwenye sharubu, anayefanya kazi ya kupaka rangi nyumba. Mikono yake ina madoa meupe yasiyotoka. Alinishika kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara, asiponyoke wala asiumie. Hakunivuta hata mara moja. Alikuwa akihama yeye, nami najikuta nimehama. Nikaelewa kwamba nilipokuwa naongoza nilikuwa nasukuma tu. Jifunze kufuata kwanza, hata kama una uhakika hutafuata maishani.

Kumwomba mtu dansi ni neno moja: *¿Bailas?* Nyoosha kiganja, subiri. Akikataa, amekataa, usiulize sababu, usirudi baada ya nyimbo mbili kuona kama amebadili mawazo. Siku moja nilikataliwa mara tatu mfululizo na bado nilikula *elote* yangu, hindi la Kimeksiko, kwa amani. Nawe una ruhusa ya kukataa. Sisi tuliolelewa kwamba mgeni hasemi hapana tunalisahau hilo.

Wapo watakaokuuliza, ndugu zetu hasa, unatafuta nini kwenye ngoma za watu. Nilijibu hivi: mwulize mchezaji wa cumbia kutoka Cartagena, Kolombia. Mji huo ulikuwa bandari kubwa ya watumwa, na karibu nayo kuna kijiji cha Palenque de San Basilio, walikojificha waliotoroka, ambako mpaka leo husemwa lugha yenye maneno ya Kikongo. Cumbia yenyewe ni ngoma za Waafrika, filimbi za wenyeji wa pale na mavazi ya Wahispania. Kule asili hawashikani: mwanamke ameinua kichane cha mishumaa inayowaka, mwanamume anamzunguka na kofia yake, na wote wanawazunguka wapigaji. Duara, kama mduara wa kwetu. Dansini Pilsen kuna usiku mmoja wa mwaka wa mishumaa (ya betri, kwa ajili ya bima ya ukumbi), na anayetaka kuushika anaushika. Nimeona wanaume wawili wenye ndevu wakiugombea.

Halafu saa sita, didjei akitaka kuwachangamsha watu wa pwani, anapiga *champeta*. Kusikia tu magitaa nikajua. Ni sebene! Tangu miaka ya 1970 sahani za Kongo zilifika Cartagena na Barranquilla kwa njia ya bandari, wenye spika kubwa za mitaani wakazipiga mpaka vijana wakatunga zao. Wakolombia wanaimba Kilingala wasichokielewa, mimi nisichokielewa pia, sote tukikatika kiuno. Pale ndipo chakacha yangu ilipopata kazi.

Mambo mawili ya usalama, nitayasema haraka. Orlando, tarehe 12 Juni 2016, mtu mwenye bunduki aliingia klabu ya Pulse na kuua watu 49. Ulikuwa usiku wa muziki wa Kilatini, klabu ya watu wetu. Nikiingia popote natazama mlango wa pili uko wapi, kisha nasahau nacheza. La pili ni treni: ya Pinki inayoshuka 18th Street haikeshi, ya Nyekundu inakesha. Panga mapema utafikaje kwenye ile inayokesha, au mtafute mtu wa kuchangia naye teksi kabla hamjalewa.

La picha ndilo lililonigharimu. Mtu alirekodi duara, akaweka Instagram, nami nimo nyuma, sekunde nne, shati limelowa, mkono begani kwa mwanamume. Siku ya pili binamu yangu aliyeko Dubai akanitumia picha, kichwa changu kimezungushiwa mstari mwekundu: "Huyu si wewe?" Nikamwacha siku tatu. Kenya kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, kinachotumiwa kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na hata usipokuwa na mpango wa kurudi, mama yuko kule na majirani wako kule. Siku ya nne nikaandika: "Ni mimi. Nacheza." Hakujibu. Wiki iliyofuata akaniuliza bei ya laptopu.

Siwezi kukuambia wewe ujibu vile. Ninachokuambia ni uwaulize waandaaji kuhusu picha kabla hujalipa. Kwetu, baada ya hilo, mlangoni wanabandika stika kwenye kamera ya kila simu. Wakikuambia "msijali, hapa sote ni familia", jali. Familia ndiyo iliyonizungushia mstari.

Na ubebe kalamu. Kule Meksiko mpigaji wa mitaani, *sonidero*, huongea juu ya muziki akisoma salamu alizoandikiwa kwenye vikaratasi: salamu kwa fulani wa mtaa fulani, kwa mama, kwa waliovuka mpaka. Waliohamia Marekani walikuwa wakinunua kanda zilizorekodiwa dansini usiku uleule na kuzituma nyumbani, ndugu wasikie majina yao yakitajwa. Mimi niliyekua na kadi za salamu za redio, babu akinituma dukani kuzinunua, sikuhitaji maelezo. Mara ya kwanza nilikaa na kikaratasi nusu saa, nikiogopa kuandika jina langu. Mwisho nikaandika la mtaa tu. Didjei wetu akashusha muziki, akakiinua kwenye taa, akasoma kwa Kihispania chake, ambamo *j* ni *h*: "Saludos… a toda la gente de… ¡Mahengo!"

Baba wa rangi akaniangalia. Nikanyoosha mkono juu.