Kamba tupu: kwa anayeanza kulima mwani

Anayeshuka pwani mara ya kwanza na vigingi begani huwa keshaambiwa mambo mawili: mwani hautaki jembe wala mbolea, na baada ya wiki sita unavunwa. Yote mawili ni kweli. Asichoambiwa ni kwamba iko siku atashuka akute kamba tupu, na usiku wake alale akijiuliza kama ana mkono mbaya. Maneno haya ni ya siku hiyo, na afadhali uyasome kabla haijakufikia.

Anza na kidogo. Kamba 20 zinatosha kwa bamvu lako la kwanza, yaani siku za maji kukupwa mbali, hata kama jirani yako ana 200. Kamba ya mita 5 ikifungwa mbegu, yaani kipande cha mwani, kila sentimita 20 hubeba vipande kama 25, kwa hiyo kamba 20 ni vipande 500, na kila kimoja kinafungwa kwa mkono. Bamvu nalo halingoji mtu. Huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hukupwa mbali kiasi cha saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Una siku tano au sita, kila siku saa mbili tatu, baada ya hapo ni maji mafu, yasiyokupwa mbali. Mwenye kamba 200 amezifikia kwa miaka, na mara nyingi ana binti na wifi wanaomfungia mbegu huku pwani. Ukijipima kwa shamba lake utafunga kwa pupa, na cha pupa ndicho kinachoanguka.

Chagua ncha changa zenye matawi mengi, rangi iliyokoza, zisizo na doa. Kipande kiwe cha gramu 50 hadi 100, kiasi cha kujaa kiganjani. Tai tai, uzi wa kufungia mbegu kwenye kamba, ipite chini ya matawi, na fundo liache nafasi ya kupita kidole. Ikibana, mwani ukinenepa hujikata wenyewe. Ikilegea mno, wimbi hulisugua shina mpaka liachie. Mbegu ikae kivulini, ifunikwe gunia lililoroweshwa maji ya chumvi, na irudi baharini siku hiyo hiyo. Vigingi vipigwe mpaka ukivishika visitikisike, na kamba ikae kiasi cha shubiri moja juu ya mchanga, isiguse chini hata mwani ukiielemea.

Ukifanya yote hayo, bado hasara itakuja. Ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa njia moja kati ya mbili. Kuna anayejitwika kila kitu: kamba zimepauka, basi yeye hafai, hana bahati, bora arudi kukaa. Na kuna asiyejitwika chochote: kila bamvu analaumu joto, anafunga vile vile alivyofunga, anapoteza vile vile. Wa kwanza anaacha kazi baada ya misimu miwili, wa pili anabaki nayo bila kuijua. Kosa la bahari usilibebe, na la mkono wako usiisingizie bahari. Ili uyatenganishe, inama uangalie kamba kwa karibu, maana kila hasara huacha alama yake.

Tai tai ikiwa imebaki kamba nzima lakini ndani hamna kitu, na bahari ilikuwa shwari, hapo ni ufungaji. Ukikuta vikonyo vifupi na ncha zote zimeng'atwa, ameingia samaki tasi, na shamba lako huenda liko karibu mno na majani au miamba anakokaa. Mwani uliofunikwa nyuzi nyuzi laini na tope unakuambia kamba hazikutikiswa. Kila unaposhuka, zipitie uzitikise moja moja. Kigingi kilichong'oka na kamba yake kinataka uangalie kwanza shimo lake: kama ni la kina kifupi, ni chako. Kama kilizama vizuri na kusi lilikuwa kali, ni la upepo.

Alama ya tano ndiyo inayowavunja moyo wengi. Chukua tawi, litazame kwenye kiungo. Ukiona pamekuwa peupe kama nyama ya nazi, na ukipabinya kwa vidole panakatika bila sauti, huo ni ugonjwa wa kupauka, ambao wataalamu wanauita aisi-aisi. Huja mwani unapochoshwa na maji ya moto, hasa ya kina kifupi wakati wa kaskazi, au na mvua kubwa za masika zinazopunguza chumvi. Ukishachoka, bakteria huumaliza. Hapa hakuna fundo ambalo ungefunga vizuri zaidi ukauzuia. Kilichobaki mikononi mwako ni kuvuna mapema kilicho kizima, kukata sehemu nyeupe na kuzipandisha nchi kavu badala ya kuziacha zielee shambani, na bamvu lijalo kusogeza kamba kwenye maji ya kina zaidi.

Bado huna uhakika? Tembea hadi safu za jirani zilizo kwenye kina kama chako. Zikiwa nazo zimepauka, ni bahari. Zikiwa nzima, muulize kwa adabu amefungaje, na mbegu aliitoa wapi. Kwa maoni yangu hatua hizo ishirini za kwenda kwa jirani ndizo ngumu kuliko kazi yote ya mwani, maana mtu mwenye hasara hupenda kupita pembeni akiinamisha kichwa.

Na ukiona aibu, kumbuka kilichowapata wenyewe wa kazi. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 pale Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, na wanawake ndio waliokishika. Wakalima aina mbili za mwani: spinosamu, na kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Maji yalipozidi kupata joto kotonii ikawafia sehemu nyingi za Unguja, wakabaki na spinosamu. Mikono ile iliyojua kila fundo haikupungua ujuzi hata kidogo.

Nunua daftari la skuli. Kila bamvu andika tarehe ya mwezi, kamba ulizofunga, ulizokuta, na zilizopotea kwa kila alama. Litakusaidia pwani, na litakusaidia zaidi nyumbani. Ukirudi mikono mitupu, maneno ya nuksi na kisirani hayako mbali, na "mwani umeharibika" ni kauli inayoyakaribisha. Sema: "Nimepoteza kamba 12 kati ya 20. Tisa zimepauka, na za jirani pia. Tatu nilizifunga vibaya, nimeshajua wapi." Mtu anayesikia hesabu hupata shida kukutupia laana, na wewe mwenyewe ukiyatamka hayo unasikia kwamba makosa yako ni matatu tu.

Hesabu nyingine inayowaumiza wageni ni ya kukausha. Mwani mbichi kilo 8 hivi ukikauka huwa kilo 1. Gunia la kilo 40 ulilolikokota kwa jasho litakupa kama kilo 5, kwa hiyo usiahidi hela kwa kutazama mbichi. Uanike kwenye chanja au turubai, si mchangani, siku mbili tatu za jua, na mvua ikitishia uufunike mara moja kwa sababu maji ya mvua huupunguzia ubora.

Mwili nao una kipimo chake, na si aibu kukijua. Gunia lililojaa mwani mbichi halibebwi na mgongo mmoja kila siku. Gawa nusu nusu, au uliache lielee ulivute maji yanapoanza kujaa. Vaa viatu vya mpira. Mwenye mimba au anayeumwa mgongo afunge mbegu kivulini, na kazi hiyo ihesabiwe kazi kamili.

Bamvu la kwanza baada ya hasara kubwa usirudishe kamba zote. Funga kumi: tano pale pale pa zamani na tano kwenye kina zaidi, na kila fungu ulifunge kitambaa cha rangi yake. Mbegu kama huna, mwombe jirani, na mkubaliane utamrudishia kiasi kile kile ukivuna. Pima mbele yake, andika kwenye daftari, na siku ya kuvuna mpelekee fungu lake kabla hujaanika lako.