Kiatu kikigoma kugeuka, goti ndilo linalolipa

Shikamoo mwalimu. Nina raba za kukimbilia, za bei kubwa tu. Lakini kila nikitoka darasa la Zumba goti linaniuma upande wa ndani. Ni umri? (Temeke)

Marahaba. Umri tuuache kwanza, geuza kiatu tuone chini. Raba ya kukimbilia imetengenezwa kwa safari moja: kwenda mbele. Soli ina meno ya kushika barabara, kisigino kimenyanyuliwa. Sasa tazama tunachofanya darasani. Beto Pérez, aliyeanzisha Zumba huko Cali, Colombia, miaka ya 1990, aliijenga juu ya salsa na merengue, na ngoma hizo mguu unakwenda pembeni, unarudi, unazunguka. Ukigeuka huku soli imeng'ang'ania sakafu, kiuno kinakwenda, paja linakwenda, unyayo umebaki. Katikati yupo goti maskini, na goti ni kama bawaba: kukunja na kukunjua ndiyo kazi yake, kusokotwa siyo.

Jaribu hivi. Simama palepale unapochezea, egemea nusu ya mbele ya unyayo, kisha geuka robo mzunguko. Kiatu kikikuachia taratibu, kinafaa. Kikilia "kwiii" na kugoma, kirudi barabarani. Tafuta soli bapa, yenye meno mafupi au isiyo nayo kabisa chini ya dole gumba, na ubavu mgumu kidogo wa kukuzuia usipinde kifundo. Ila goti likivimba, au likiuma hata siku ya kupumzika, nenda hospitali. Hapo kiatu si dawa.

Mwalimu, mfuko wangu ni wa mitumba. Nachaguaje? (Morogoro)

Hata mimi nanunua mitumba, na nimeshaumbuka. Nilipata raba nyeupe, safi, kama hazijawahi kukanyaga chini. Wiki ya pili, katikati ya wimbo wa singeli, soli ya kulia ikabanduka nusu na kuanza kupiga makofi pamoja na wanafunzi. Nilipoiokota, povu lake lilisagika vidoleni kama andazi la juzi.

Funzo lake: povu la soli huzeeka kwa miaka na unyevu, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa hiyo usidanganywe na weupe. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: likibonyea na kurudi, zima, likiwa gumu kama ubao au likiacha unga, weka chini. Kunja kiatu. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati. Halafu kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimelala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake, na sasa anataka kukuachia.

Sisi akina mama tunachezea ukumbi wa marumaru, wengine peku, wengine na soksi. Yafaa? (Mombasa)

Soksi tupu juu ya marumaru, hapana, tena hapana. Tone moja la jasho na mtu yuko chini. Peku yafaa kwa nyimbo za polepole zisizo na kuruka, maana marumaru hayabonyei hata chembe na visigino ndivyo vinavyopokea kishindo chote. Mwenye kisigino kinachouma akiamka asubuhi asicheze peku.

Na raba mtoni za mwanangu? Tunalingana namba. (Dodoma)

Soli yake inageuka vizuri, lakini ni nyembamba kama chapati. Kwa darasa la kurukaruka, muachie mwanao.

Ukucha wa dole gumba umekuwa mweusi. Niongeze namba? (Arusha)

Pengine, lakini anza na kamba. Kiatu kikilegea juu, mguu unateleza mbele kila unapotua na ukucha unagonga ukuta. Yale matundu mawili ya mwisho, karibu na kifundo, ambayo kila mtu anayaruka: pitisha kamba tundu la nje na uirudishe la ndani upande uleule, ipate kitanzi kidogo. Kila ncha ya kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, funga. Kisigino kitatulia.

Ukucha ukiendelea kugonga, basi ni namba. Nenda dukani jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za siku, na ubebe soksi unazochezea. Mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji akikwambia "kitaachia tu kikizoea", mrudishie.