Mdogo wangu, weka mkasi chini: kaniki inafuliwa kwanza

Sijamaliza hata kusoma maswali yako. Nimefika pale uliposema "kaniki juu, amerikani nyeupe chini, halafu mistari ya kalamu nitaifuta kwa maji", nikaruka moja kwa moja kuja kuandika. Usikate kitu. Usiloweshe kitu.

Kwa wadau watakaoingia bila kurudi ukurasa wa kwanza: dada anataka kushona kwilti ya ukutani (vitambaa viwili na pamba katikati, vikishonwa pamoja) kuhusu Vita vya Kagera, kwa ajili ya babu yake aliyekwenda na hakurudi, iwe tayari kabla ya Siku ya Mashujaa, Julai 25. Nusu ya juu vita, nusu ya chini amani. Kaniki, kitambaa cha pamba cha buluu iliyokolea hadi nyeusi, ni ile bibi aliyojifunga wakati wa msiba; amerikani ni pamba ya kawaida isiyo na maua. Anauliza cherehani gani, katikati aweke nini, ukubwa, aonyesheje amani bila kuchora njiwa, na akitaka kuuza bei iweje. Na kuna mkuu hapo juu kamjibu kwa kujiamini kabisa: usifue vitambaa, kipya kina wanga wake, kinakatika vizuri.

Mkuu, nakuheshimu, ila maneno hayo hayo ndiyo yaliyonitia hasara.

Yangu ilikuwa ya vita hivyo hivyo. Baba yangu mdogo alichukuliwa akiwa mgambo, akavuka na wenzake, akarudi mzima wa mwili. Mpaka anafariki hakuwahi kutusimulia lolote, na fataki za mwaka mpya zilikuwa zinamfukuza sebuleni. Nikataka nishone kile alichokuwa hakisemi. Juu niliweka kaniki tupu, anga la Kyaka la mwisho wa 1978 baada ya majeshi ya Amin kuingia. Daraja lililolipuliwa nililikata kwenye suruali kuukuu ya kaki. Mto Kagera ulikuwa khanga ya buluu, unapita katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Chini ya mto amerikani, karibu yote wazi, isipokuwa makaburi ya Kaboya, walikozikwa askari wa vita hivyo, ambayo niliyatarizi kwa uzi mweupe juu ya nyeupe, huyaoni mpaka usogee karibu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba mwaka ule: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.

Ilikuwa nzuri, naomba mniamini, maana ushahidi sina tena.

Mistari ya kushonea nilikuwa nimeichora kwa ile kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, kama wewe unavyopanga. Ilijaa kwilti nzima. Nikaona kunyunyiza kidogo kidogo ni kupoteza muda, nikaizamisha yote kwenye beseni, nikaikamua, nikaianika kwenye kamba. Kaniki juu, nyeupe chini. Mtoto wa chekechea angeniambia maji huwa yanaelekea wapi.

Sasa usidhani lilitokea doa moja kubwa ambalo ungeliona mapema ukakimbia nalo bombani. Rangi ilipita ndani. Pamba ya katikati iliinywa ikaishusha taratibu, na upande wa mbele ikawa inatokezea kwenye matundu ya sindano, tundu baada ya tundu. Nilipotoka nje jioni, kila mstari niliokuwa nimeshona kwenye nyeupe ulikuwa na kivuli cha kijivu kuelekea buluu, pande zote mbili za uzi. Makaburi yangu ya kusogelea sasa yalionekana kutoka getini. Neno "sababu" lilizama lote, ikabaki "tunayo". Tunayo nini? Tunayo hasara.

Na hapo bado ilikuwa inaokoleka! Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilichotakiwa kufanya ni kuirudisha majini ikiwa bado mbichi. Mimi nikaiacha ikauke, halafu nikaipiga pasi ili "nione vizuri". Pasi ikalikaanga lile doa likakaa moja kwa moja. Jirani akaja na chumvi. Wifi akaja na siki. Nikatia vyote, kwilti ikanuka kachumbari na doa likabaki palepale. Baadaye fundi mmoja wa batiki alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba chumvi inasaidia rangi kuingia kwenye kitambaa wakati unapotia rangi, haiifungi rangi iliyokwisha kulegea. Na siki ina kazi yake kwenye sufu na hariri, kwenye pamba ni kupoteza siki. Yeye alikuwa amechelewa kunieleza, kwa sababu nilikuwa nimeshamaliza na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Doa lilififia kidogo. Mto Kagera ukakauka kabisa, khanga ya buluu ikawa rangi ya chai ya maziwa.

Kuna taasisi ilikuwa imeniagiza kazi ile, siitaji, na malipo ya awali nilikuwa nimeshayala. Alipokuja mtu wao nikajikaza nikamwambia ni makusudi: vita havina mpaka, vinachuja hadi ndani ya amani. Akatikisa kichwa kwa heshima, akapiga picha mbili tatu, akaniuliza fedha zao nitazirudisha lini. Msanii nilikuwa mimi, yeye alikuwa mhasibu.

Nani alinifikisha hapo? Wa kwanza ni muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru. "Haichuji hii mama, nikudanganye ili iweje?" Ili ninunue, baba, ndiyo iweje! Lakini huyo namsamehe, yuko kazini. Asiyesameheka ni mwalimu wa semina tuliyoilipia ada, tena ada ya maana, aliyesimama mbele yetu na kitabu cha Marekani akasema washonaji wazoefu hawafui. Huko wana vitambaa vinavyotengenezwa na kuuzwa kwa ajili ya kwilti, na hata wao hawajaacha kubishana kuhusu kufua. Hajawahi kushika kaniki yule. Kaniki rangi yake haijashikana na nyuzi, imekaa juu juu. Isugue kwa kidole kikavu uone. Ukimuuliza anajibu "fuata kitabu". Nilimtafuta baadaye nimwonyeshe kwilti. Simu haipokelewi.

Umetaja pia wale akina mama wa Chile walioshona habari za ndugu zao waliopotezwa baada ya mapinduzi ya 1973. Vizuri, kazi zile zinatoa machozi. Lakini wao walibandika vipande vya nguo kuukuu juu ya magunia. Nguo kuukuu imeshafuliwa mara ngapi? Rangi iliyotaka kutoka ilishatoka zamani. Kaniki ya bibi wewe huijui. Inawezekana alijifunga msibani, akaikunja, akaiweka sandukuni bila kuigusa tena, na miaka yote hiyo imekaa na rangi yake.

Kwa hiyo sikiliza. Kila kitambaa kifuliwe, peke yake, kabla mkasi haujakigusa. Kaniki, nyekundu yoyote, khanga ya kisutu ndiyo usiseme. Maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, suuza, mwaga, rudia, hadi maji yabaki meupe. Meupe kweli, siyo "si mabaya". Kikikauka, lowesha kitambaa cheupe, kilaze juu ya kona, kandamiza kwa pasi ya moto. Cheupe kikichukua hata kivuli, rudi kwenye beseni. Kisipotulia baada ya kurudia mara nyingi, hakifai kukaa jirani na nyeupe, hata kama ni cha mfalme. Amerikani nayo ifue, maana inaruka, yaani inasinyaa ikiloa, kuliko kitenge, na ikiruka ikiwa imeshashonwa kwilti yako itajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Najua utasema kaniki ya bibi hutaki kuifua, ina harufu yake. Nakuelewa, mimi nina shati la baba mdogo ambalo halijaguswa na maji. Basi hiyo isione tone la maji tena, milele. Shona na umalize kila kitu kingine, futa mistari yako, kausha, ndipo uibandike kaniki mwishoni kwa mkono. Na nyuma uandike kwa uzi ISIFULIWE, kwa sababu siku moja mtoto wako ataiona ina vumbi na atataka kukufurahisha.

Ikitokea imechuja licha ya yote: usiianike, usiipige pasi. Irudishe saa ile ile kwenye maji mengi ya moto, kiasi cha nyuzi 60, na sabuni nyingi, izame yote ilale usiku kucha ili rangi iliyotoka ielee kwenye maji isirudi kwenye nguo. Badilisha maji yakichafuka. Kausha ikiwa imelala, siyo kwenye kamba.

Njiwa usiweke, hapo uko sahihi, kila mtu anaweka njiwa. Acha nafasi nyeupe kubwa, itasema yenyewe. Ndiyo maana nakupigia kelele za kufua: nafasi hiyo ikishaingia kijivu huna amani tena, una kesi na dobi.

Cherehani nimesahau umesema unayo ipi. Yoyote inayoshona nyoofu inatosha. Kuhusu bei waulize wengine humu, rekodi yangu ya mauzo mmeshaisikia. Wewe leo jaza beseni, loweka kipande cha khanga tu kwanza, na utuwekee hapa picha ya maji ya kwanza na ya mwisho. Mkuu wa wanga naye aje ayaone.